Utando juu ya epoksi: jinsi ya kuuzuia na kuuosha katika baridi ya Nairobi

Kila Juni ikiingia, lalamiko la mafundi wa epoksi hapa Nairobi huwa lilelile: hadena, ile kemikali ya kugandisha epoksi, za siku hizi ni feki. Meza imemwagwa jioni, usiku ikashika, asubuhi uso wake umefifia, una mabaka meupe, na kidole kikipita kinateleza na kuacha alama. Mteja naye akifika hakawii: "Fundi, mbona meza yangu ina mafuta?"

Hadena feki zipo, sikatai. Lakini nikionyeshwa meza ya namna hiyo, mimi huuliza kwanza ilimwagwa saa ngapi na jiko la makaa lilikuwa wapi. Mara nyingi hadena haina kosa. Kilicho juu ya meza ni utando uliotengenezwa na hewa ya chumba kile kile, nao huondoka ukioshwa kwa maji ya uvuguvugu. Wengi hawajui hilo. Wanaurukia kwa thina na msasa, na hapo ndipo kazi inapoharibika kwelikweli.

Unatoka wapi

Epoksi ni vitu viwili, resini na hadena. Hadena nyingi ni kemikali za jamii ya amini, na kazi ya amini ni kushikana na resini hadi vyote viwe kitu kimoja kigumu. Kasoro yake ni kwamba haichagui mwenza. Ile iliyo juu kabisa, inayogusana na hewa, hukutana na hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Molekuli mbili za amini zikinasa moja ya hewa ya ukaa, hutokea chumvi iitwayo kabameti. Unyevu ukiwa mwingi, bikabonati nazo hujitokeza. Hizo chumvi ndizo utando wenyewe. Wakati mwingine ni wazi na una mguso wa nta, wakati mwingine ni mweupe kabisa.

Kukiwa na joto, resini huwahi. Amini hushikwa kabla haijapata nafasi ya kuzurura. Kukiwa na baridi, mwendo wa resini na hadena hupungua sana, zile amini nyepesi hupata muda wa kupanda juu, na hewa ya ukaa iko pale pale inangoja. Hasara ni mbili. Kwanza kuna utando unaozuia mkono wa pili, yaani tabaka la pili la kupaka, usishike. Pili, kila amini iliyonaswa na hewa imeacha resini bila mwenza, kwa hiyo ngozi ya juu hubaki dhaifu: hunata, huingia alama za maji ya glasi, na hugeuka manjano upesi.

Mikono myembamba ndiyo huumia zaidi. Epoksi iliyomwagwa kwa kina hujipasha joto yenyewe inapokauka, lakini mkono wa nusu milimita juu ya sakafu au mbao hupoteza joto lake lote kwa kile kilicho chini yake.

Hatua ya 1: Pima hewa kabla ya kufungua kopo

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai mchana hufika nyuzi 21 au 22 hivi, na usiku hushuka hadi 11 au 12. Makopo mengi ya epoksi huandikwa muda wa kukauka kwa nyuzi 25, joto ambalo karakana zetu huenda zisilione wiki nzima. Hesabu ya haraka ni hii: joto likishuka kwa nyuzi 10, muda wa kukauka huongezeka karibu mara mbili. Kilichoandikwa saa sita, kwa nyuzi 15 kitachukua kama saa kumi na mbili.

Jambo la kuangalia zaidi ni umande. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji hutoa jasho kwa sababu kioo chake ni baridi kuliko kile kiwango cha joto ambacho mvuke wa hewani hugeuka maji, yaani kipimo cha umande. Sakafu ya saruji asubuhi ya Julai, au ubao uliolala karakana yenye mabati, hufanya vivyo hivyo, ila matone ni madogo na huyaoni. Kanuni inayofuatwa na wapaka epoksi kila mahali ni kwamba uso unaopakwa uwe na joto linalozidi kipimo cha umande kwa angalau nyuzi 3, na lisiwe linashuka.

Kipimo cha umande utakipata wapi? Kuna njia ya bure. Viwanja vya ndege vya Jomo Kenyatta na Wilson hutoa taarifa ya hali ya hewa kwa marubani, na mtu yeyote anaweza kuisoma kwenye intaneti kwa kutafuta HKJK au HKNW. Ndani yake utaona namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, tuseme 17/14. Ya kwanza ni joto la hewa, ya pili ndiyo kipimo cha umande. Kwa mfano huo, ubao wako usiwe chini ya nyuzi 17. Ukiusoma ukapata 15, usifungue kopo. Kunywa chai kwanza.

Ukiwa na kipimo cha unyevu ndani ya karakana, ni bora zaidi, maana hewa ya uwanjani si hewa ya chumba chako. Toa asilimia ya unyevu kwenye 100, gawanya kwa 5, kisha utoe jibu hilo kwenye joto la hewa. Hewa ya nyuzi 19 yenye unyevu wa asilimia 80: 100 toa 80 ni 20, gawa kwa 5 ni 4, kwa hiyo umande uko karibu na nyuzi 15, na uso unataka 18 au zaidi. Hesabu hii ni ya kukadiria na inafaa unyevu ukizidi asilimia 50, ambao ndio wetu wa msimu wa baridi. Unyevu ukipita asilimia 85, ahirisha, hata kama mteja amepiga simu mara tatu.

Joto la uso lipime kwa ile bunduki ya kupima joto inayouzwa kwa mafundi wa stima na friji. Ile ya kupima homa iliyobaki tangu enzi za korona haifai. Nyingi husoma karibu na joto la mwili wa mtu tu.

Hatua ya 2: Chagua saa

Kwa hali ya Nairobi, saa nne hadi saa sita mchana ndiyo nafasi nzuri ya kupaka mkono mwembamba. Kabla ya hapo sakafu bado ina baridi ya usiku. Ukianza saa tisa, epoksi itakuwa bado mbichi jua likizama, na hapo umande unaikuta ikiwa wazi. Mtu wa Limuru au Karen juu kule afupishe hata zaidi.

Hapa kuna mgongano ambao wafanyakazi wa mbao watauona mara moja. Mbao ikipata joto, hewa iliyomo kwenye vinyweleo vyake hutanuka na kutoka kama mapovu, ndiyo maana mafundi wengi wa meza za mto, zile zenye epoksi katikati ya mbao kama mto wa maji, hupenda kumwaga jioni, joto linaposhuka. Wana haki. Ila dawa ya mapovu si kumwaga usiku. Paka kwanza mkono mwembamba wa kuziba vinyweleo, asubuhi hiyo ya saa nne, uache ushike, kisha uoshe na upige msasa. Ubao ukishazibwa, unaweza kumwaga saa yoyote inayokufaa na mapovu hayapo tena. Ni siku moja zaidi ya kazi, na kwa mgrevilea au mwembe, ambao una vinyweleo vikubwa, mimi naona haina mjadala.

Hatua ya 3: Jiko litoke nje

Hili naliweka peke yake kwa sababu ndilo linalofanywa na watu wenye nia njema. Karakana ina baridi, kwa hiyo jiko la makaa linaingizwa ndani, mlango unafungwa. Makaa yakiungua hutoa hewa ya ukaa. Gesi ya mtungi na mafuta ya taa hutoa hewa ya ukaa pamoja na mvuke wa maji, yaani vile vitu viwili hasa ambavyo utando unavihitaji. Hewa ya kawaida ina sehemu 420 hivi tu za hewa ya ukaa katika kila milioni. Chumba kilichofungwa chenye jiko huzidisha hizo mara kadhaa kwa muda mfupi. Tena kuna ile hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini kila msimu wa baridi.

Ukitaka joto, tumia hita ya stima, na upashe kitu unachopaka, si hewa peke yake. Hewa yenye joto na unyevu ikigusa ubao baridi hutoa umande pale pale. Washa hita usiku uliotangulia ili mbao, resini na hadena vyote vilale mahali pamoja. Kwenye magodauni ya Industrial Area, angalia pia foklifti na jenereta. Moshi wa jenereta iliyowekwa mlangoni unaweza kuharibu sakafu nzima wakati mafundi wanajiuliza kosa liko wapi.

Hatua ya 4: Hadena ifaayo, kwa kipimo chake

Amini hazifanani. Zile nyepesi za mnyororo mfupi hukauka upesi lakini ndizo zinazopenda sana kutoa utando. Zile za polieta, zinazotumika kwenye epoksi ya kumwaga kwa kina, ni za taratibu. Hazichemki, lakini uso wake hukaa mbichi saa nyingi, na saa hizo zote hewa inaendelea kuzigusa. Za mduara, kama isoforoni diamini, ambazo ziko kwenye epoksi nyingi za sakafu, huvumilia zaidi, hasa kiwandani zikishachanganywa mapema na resini kidogo ili amini huru zipungue.

Kuna jamii nyingine inayostahili kujulikana zaidi hapa kwetu: fenalkamini. Hutengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho, zao ambalo Kilifi, Kwale na Lamu wanalilima. Hukauka kwenye baridi kali, huvumilia unyevu, na utando wake ni mdogo. Kasoro yake ni rangi: nyekundu ya kahawia iliyokolea, kwa hiyo usiitarajie kwenye meza ya kioo. Kwa mkono wa kwanza wa sakafu, tangi au chuma, ni chaguo zuri sana.

Kopo likiandikwa kwamba halitoi utando, omba karatasi ya maelezo ya kitaalamu na uangalie ahadi hiyo inaanzia nyuzi ngapi na unyevu wa asilimia ngapi. Muuzaji asiye na karatasi hiyo, mwache.

Sasa kipimo. Mafundi waliotoka kwenye bodi za matatu na faibaglasi wamezoea resini ya poliesta, ambayo katalisti yake ni asilimia moja au mbili tu, na kukiwa na baridi unaongeza tone ili iwahi. Epoksi haina mchezo huo. Hadena hapa inaingia kwenye plastiki yenyewe, na kila molekuli ina mwenza aliyehesabiwa. Ukiongeza hadena, ile ya ziada haina pa kwenda. Inapanda juu na kuwa utando. Kwa gramu 100 za resini ya kawaida, amini moja huhitaji kama gramu 13, nyingine 22, nyingine 32, kulingana na ukubwa wa molekuli zake. Kwa hiyo usihamishe kipimo cha kopo moja kwenda jingine.

Angalia pia kama uwiano ni wa ujazo au wa uzani. Hadena ni nyepesi kuliko resini. Uwiano wa mbili kwa moja kwa ujazo mara nyingi ni kama gramu 43 za hadena kwa 100 za resini, wala si 50. Mtu akipima kwa mizani uwiano wa vikombe, ameshazidisha bila kujua.

Resini ikiwa nzito kwa baridi, weka kopo lililofungwa ndani ya maji ya uvuguvugu hadi ilainike, ukaushe upande wa nje kabla ya kufungua. Koroga dakika tatu au zaidi, ukikwangua kuta na chini ya kikombe, kisha hamishia kikombe kingine ukoroge tena. Kile kilichoganda kwenye ukuta wa kikombe cha kwanza ndicho huacha madoa yasiyokauka. Kwa epoksi za kupaka, baadhi ya watengenezaji huagiza mchanganyiko utulie dakika 10 hadi 20 kabla ya kutumika, ili amini zianze kushikwa. Fuata hilo pale tu lilipoandikwa, na kamwe si kwa ndoo nzima ya epoksi ya haraka, maana itachemka mkononi.

Glavu za nitrili, miwani, mikono mirefu. Amini huchoma ngozi, na mbaya zaidi huweza kukuletea mzio ambao hauondoki. Fundi aliyeupata huwashwa hata akiingia tu mahali inapochanganywa. Ikikudondokea, osha kwa sabuni na maji. Usijisafishe kwa thina, maana thina huipeleka ndani ya ngozi.

Hatua ya 5: Funika

Kazi ndogo, kama ubao wa kukatia, sinia au meza ya kahawa, ijengee kibanda cha nailoni safi kwenye fremu ya mbao, kisiguse uso, na ukibane chini kwa tepu. Kiasi cha hewa kilichomo humo ni kidogo, kwa hiyo hewa ya ukaa na mvuke vilivyomo ni vichache. Kwa faibaglasi kuna kitambaa maalumu cha nailoni kinacholazwa juu ya mkono wa mwisho. Epoksi ikikauka unakivuta, na utando unatoka nacho. Sakafu ya godauni huwezi kuifunika. Huko ni saa, joto na milango.

Hatua ya 6: Chunguza kana kwamba utando upo

Asubuhi yake usiuamini mng'ao. Inama uangalie uso kwa pembeni, mwanga ukitoka dirishani, utafute mabaka yaliyofifia. Pitisha kidole kisafi. Utando mwingine ni wazi kabisa na hauonekani hata kwa jicho zuri, kwa hiyo kipimo cha uhakika ni karatasi za pH, zile za maabara ya shule. Pima kwanza maji yako yenyewe, uone yanasoma ngapi. Kisha weka matone kadhaa juu ya epoksi, subiri dakika chache, uchovye karatasi. Yakisoma 9 au 10 na maji yako yalikuwa 7, una amini juu.

Kama uso bado unanata na ukucha unaingia, usioshe wala usipige msasa. Maji kwenye epoksi mbichi huacha madoa meupe. Ipashe joto, ingoje.

Hatua ya 7: Osha, kisha msasa

Mpangilio huu haugeuzwi. Msasa juu ya utando huziba kwa nta baada ya mikwaruzo michache, na nta hiyo husukumwa ndani ya mikwaruzo ambako huitoi tena. Thina na asetoni nazo haziyeyushi chumvi hizi vizuri. Huzisambaza tu, uso ukaonekana safi hadi mkono wa pili ubanduke.

Chukua ndoo mbili za maji ya uvuguvugu, moja na tone la sabuni ya vyombo, moja tupu. Sugua kwa sponji ya kijani ya jikoni, sehemu unayoifikia kwa mkono mmoja, hadi ule utelezi uishe chini ya vidole. Utausikia unaisha: sponji inaanza kukwama kidogo. Usiache maji yakauke pale, kwa sababu yakikauka utando unarudi ulikokuwa. Yafute yakiwa bado maji, kwa taulo safi, suuza kwa ndoo ya pili, ufute tena. Badilisha maji mapema kuliko unavyodhani. Rudia karatasi ya pH.

Uso ukikauka ndipo upige msasa namba 120 hadi wote uwe na ufifio mmoja. Vidoti vinavyong'aa ni mabonde ambayo msasa haujafika. Rangi au vanishi haitashika hapo. Weupe unaobaki hata baada ya kuosha umeingia ndani ya epoksi, nao hauoshiki. Punguza hadi ufikie iliyo nzima.

Vumbi lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo. Sasa hapa thina inaruhusiwa, ukiwa na doa la mafuta ya mkono, ilimradi uipe muda wa kuondoka.

Hatua ya 8: Mkono wa pili

Karatasi ya kopo hutaja muda wa kupaka juu ya mkono wa kwanza bila msasa, wakati bado unashika alama ya dole gumba bila kuchafua dole. Kukiwa na joto, muda huo ni mzuri na hukuokolea kazi yote ya hatua ya saba. Julai, mimi siutegemei, kwa sababu utando unaweza kuwa umeshaanza kabla muda huo haujafika. Ukipenda kujaribu, pima pH pembeni kwanza.

Polyurethane, ile vanishi ngumu ya kupaka juu ya epoksi, ndiyo isiyosamehe. Juu ya utando hupoteza mng'ao, hubaki laini, au hubanduka kwa vipande mteja akiwa ameshalipa. Na kazi ikishapakwa juu ya utando, hakuna dawa isipokuwa kukwangua.

Kopo lililobaki

Hadena huvuta hewa hata ikiwa koponi. Ule unga mweupe unaoganda shingoni mwa chupa ni kabameti ile ile. Ufute kwa kitambaa chenye maji kabla ya kumimina, usiuache uangukie ndani, kausha shingo, funga kwa nguvu. Hadena iliyonunuliwa kwa ndoo kubwa, igawe kwenye vyombo vidogo vilivyojaa hadi juu, ili unayofungua leo isiwe imepumua hewa ya miezi mitatu. Resini yenyewe ikigeuka nyeupe na kuwa chengachenga kwa baridi, hiyo si kuharibika. Iweke kwenye maji ya nyuzi 50 hivi hadi iwe wazi tena, uikoroge, uiache ipoe, ndipo upime.